Kijiti Kipofu

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu nilifundwa kwetu, si kwa sababu umeistahili. Simu yangu umeizuia, kwa hiyo naandika, na barua hii anakuletea Dereva wa lori la chupa, yuleyule aliyebeba sanduku langu siku uliponitoa. Mpe maji ya kunywa. Yeye hana kosa.

Najua unajiuliza mwandiko huu unataka nini baada ya kimya chote hiki. Unataka kukupa habari za mvinyo wako mweupe. Ile chupa uliyomkabidhi Dereva aipeleke kwa mnunuzi ikapimwe imefika salama. Imepokewa mlangoni, ikabandikwa karatasi, ikaletwa maabara, ikawekwa mezani mbele ya mpimaji. Mpimaji alikuwa ananyonyesha. Aliisogeza chupa kwa kiwiko, akasoma jina la ukoo wenu, akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

Ndiyo, mama. Mpimaji ni mimi.

Ulipopaza sauti mbele ya ushirika mzima kwamba mke wa mwanao ana mkono mzito, kwamba ndiye anayejaza dawa ya salfa kwenye matangi na kuwatilia watu sumu, ulidhani nitakwenda wapi na tumbo lile? Nilikuja huku. Nilianza kwa kuosha vyombo vya maabara. Mkubwa wetu, tunamwita Miwani, aliona siogopi kuuliza, akanifundisha. Sasa nakielewa kitu kilichonifukuza kwako, na nataka na wewe ukielewe. Mtu ni vizuri akijua kisu kabla hakijamkata.

Ni kijiti chembamba kama kile wanachojipimia wagonjwa wa sukari. Kwenye ncha kimepakwa kimeng'enya, kitu kinachotolewa kwenye viumbe hai, na kazi yake duniani ni moja tu: kuitafuna salfa. Unadondosha tone la mvinyo. Kikianza kutafuna, unatokea umeme mdogo mno, usioweza hata kumwamsha nzi. Kimashine cha mkononi kinausoma umeme huo, kinakuambia dawa iliyomo ni kiasi gani. Hakijui mkwe wala mama mkwe.

Nimedondosha tone lako. Umepita kiwango. Nikachukua kijiti kipya. Umepita. Nikanawa mikono, nikamlaza mtoto, nikarudia kwa utulivu kabisa kama mtu anayekula kitu kitamu. Umepita, karibu mara mbili, kama ilivyokuwa mwaka jana siku ile ya kelele zako. Lakini safari hii sipo kwako, mama. Utamtoa nani?

Miwani amesafiri. Akirudi tarehe 17 atatia sahihi, na karatasi itakwenda ushirika isomwe mbele ya watu walewale. Matangi yako yote yatakataliwa. Sikuongeza kitu, sikupunguza. Sikuhitaji. Malipo ni hapahapa duniani.

Mjukuu wako hajambo. Tunamwita Kipipa kwa jinsi alivyojaa. Ana kicheko cha kwenu, na hicho bado hatujakipatia dawa.

Aliyekuwa mkweo,
Mpimaji


Alhamisi, 6 Juni

Wewe,

Marahaba. Adabu sijaikosa hata kwa adui.

Barua yako nimeisoma nimesimama, sikuipa heshima ya kukalia kiti. Dereva maji amekunywa, na kikombe amerudisha, tofauti na watu wengine tuliowahi kuwakaribisha hapa.

Kumbe umepata kazi ya kuchovya vijiti. Hongera. Fisi amekabidhiwa bucha, halafu anatuandikia barua kwamba nyama imeoza yenyewe.

Sasa nisikilize, na huyo mtoto umlaze kwanza. Mwaka huu salfa nimeitia mimi. Kwa mkono wangu. Nimeipima kwenye mizani mwanangu akiwa kando, nikatia nusu ya inayoruhusiwa, kwa sababu tangu ile aibu uliyoniachia hakuna anayeligusa kopo la salfa ila mimi. Kwa hiyo chupa ikitoka kwangu safi, ikafika kwako, ikawa chafu, sihitaji kimashine kunionyesha uchafu umetokea wapi.

Mvinyo wangu watu wanaujua. Wa wenzangu ukifunguliwa leo, kesho una rangi ya chai. Wangu unakaa rafuni miaka na bado ni mweupe kama siku ulipozaliwa. Wakiniuliza siri, nawaambia ni mkono. Mkono wa ukoo huu. Ulitoka kwa mama mkwe wangu ukaja kwangu, na kwako ukakataa kwenda, ukasema, hapana, hapa nitapotea.

Mwambie Miwani wako apime mwenyewe, kwa macho yake, kama anayo nyuma ya hiyo miwani.

Na Kipipa ndiyo jina gani? Mtoto si chombo. Jina hutolewa na bibi, nawe hukuja kuniuliza. Ananyonya vizuri? Siulizi kwa ajili yako.

Mwenye mvinyo


Alhamisi, 6 Juni, jioni

Mke wangu,

Nakuandikia nyuma ya banda la mapipa, mama asinione. Dereva ananipigia honi, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Najua sina uso. Siku ile nilisimama pale kama nguzo, mama akisema, watu wakisikiliza, na sikufungua mdomo. Nimekuwa nikiufungua kila siku tangu hapo, peke yangu, kwenye mapipa.

Nakuomba jambo moja. Mama ana kiburi, lakini safari hii hasemi uongo. Salfa aliipima mbele yangu na ilikuwa kidogo. Kopo bado zito, nimelitikisa mwenyewe. Mavuno haya ndiyo kila kitu tulicho nacho. Matangi yakikataliwa mama atakwisha. Hasemi, ila nimemsikia akiongea na tangi la tatu kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Kitu pekee tulichozidisha ni ule unga wa rangi, unaujua wewe, wa kopo lililobanduliwa karatasi. Mwaka huu mguu unamsumbua, akanituma mimi kuununua, akaniapisha kabla sijatoka mlangoni. Nikaenda duka la dawa nikaona aibu kucheka: kumbe siku zote ni vitamini C! Watoto wanapewa. Zabibu zilichelewa kuchumwa, mama akaogopa rangi, tukatia kopo zima. Lakini hiyo ni vitamini tu, kwa hiyo si hiyo.

Kipipa ameota meno? Anakaa? Nimemchongea kijiko kwa ubao wa pipa, Dereva atakupa. Nimekilamba kuona kama hakina vibanzi.

Mumeo, kama bado


Jumatatu, 10 Juni

Baba Kipipa,

Meno mawili, ya chini. Anakaa, na akianguka anajicheka. Kijiko anakitafuna upande wa mpini. Hayo ndiyo majibu mepesi.

Hukusimama kama nguzo. Nguzo hubeba kitu.

Sasa soma taratibu, naandika kwa mkono mmoja, wa pili una mtoto. Ulipoandika "hiyo ni vitamini tu, kwa hiyo si hiyo", nilikuwa nabadilisha nepi. Niliiacha nepi ilipo, nikamwacha mtoto uchi kwenye blanketi akishangaa dari, nikarudia mstari ule mpaka macho yakauma.

Mimi unga ule niliuona mara moja tu, wiki ya harusi yetu. Mama aliniita bandani, akafunga mlango, akanionyesha kopo lisilo na karatasi, akaniapisha kama alivyoapishwa yeye na mama mkwe wake. Kila mke anayeingia kwenu huonyeshwa kopo. Nilidhani ni kitu cha mizizi, siri ya mababu. Kumbe ni duka la dawa, pale pembeni ya dawa za kikohozi.

Hapa maabara tuna vijiti vya aina mbili. Cha kwanza nimemweleza mama yako: ncha yake ina kimeng'enya kinachotafuna salfa. Cha pili kinafanana nacho kila kitu, ila ncha haikupakwa chochote. Tunakiita kijiti kipofu. Salfa hakiioni kabisa. Ukikidondoshea mvinyo kinatakiwa kunyamaza. Kikisema, ujue ndani ya mvinyo kuna kitu kingine kinachotoa umeme wa kwake, na kimashine, maskini, kinauhesabu wote kuwa ni salfa. Na mchokozi mkubwa wa kazi hiyo, Miwani alinifundisha wiki ya kwanza, ni vitamini C. Mkulima akitaja kwamba ametia, tunapima kwa vyote viwili. Asipotaja, tunapima kwa kimoja. Kwenye karatasi ya chupa yenu mama ameandika, kwa herufi kubwa kabisa: HAKUNA KINGINE.

Basi nikakidondoshea kijiti kipofu. Kilipiga kelele kama mwenye nyumba aliyekanyagiwa sakafu mbichi. Nikaziondoa kelele zake kwenye kile kiasi cha kwanza. Salfa iliyobaki ni ndogo, chini ya kiwango, kama mama alivyosema.

Nikafurahi? Hapana. Nilikaa sakafuni karibu na mtoto. Maana mwaka jana pia mnunuzi alikuja na kimashine bila kijiti kipofu. Mwaka jana pia mama alitia unga wake kimyakimya. Na mimi nilitia salfa ileile aliyonipimia yeye. Unanielewa? Nimeitwa mtia sumu, nimefukuzwa na mimba ya miezi mingi, nimeshuka kwenye lori na sanduku moja, kwa ajili ya unga wanaopewa watoto wenye mafua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mama. Mpe. Ukiisoma njiani haidhuru. Kujua na kunyamaza unakuweza.

Mama Kipipa


Jumatatu, 10 Juni

Mama mkwe,

Shikamoo.

Ulisema kweli. Salfa yako ni kidogo. Kilichokidanganya kimashine ni kopo lako lisilo na karatasi. Mwanao atakueleza jinsi gani, na asipoweza, muulize muuza duka la dawa, mnafahamiana.

Kopo hilohilo ndilo lililonihukumu mwaka jana. Hukujua, naamini hukujua. Lakini ulipoona namba kubwa hukusema "tutafute". Uligeuka, ukaangalia nani pale ni mgeni, ukaninyooshea kidole. Ulikuwa na kidole tayari.

Sasa namba kubwa iko mezani kwangu na ninayejua ukweli wake katika maabara hii ni mimi peke yangu. Jumamosi tarehe 15 ushirika wenu unakutana. Simama mbele yao, useme mambo mawili. Kwanza, kwamba rangi ya mvinyo wako ni unga wa dukani na si mkono wa ukoo. Pili, kwamba uliniita mtia sumu kwa kosa lililotoka kwenye kopo lako. Niletewe habari na Dereva kwamba umesema, na Miwani akirudi Jumatatu nitakiweka kijiti kipofu mbele yake.

Usiposema, sitasema uongo wowote. Nitanyamaza tu, kama walivyonyamaza wa nyumbani kwako. Kimashine kimeshasema, Miwani atatia sahihi, na matangi utayaona yanavyokataliwa.

Usinililie mtoto kwenye jibu. Mtoto anakua vizuri bila kujua kuna mtu anaitwa bibi.

Mpimaji


Jumamosi, 15 Juni

Mkwe,

Lori limekufa hapa kwetu tangu juzi. Dereva yuko chini yake anatukana vyuma. Barua hii nampa, itakufikia litakapofufuka.

Unataka nisimame. Unajua wewe nilivyoingia nyumba hii? Mama mkwe wangu alinipa mwaka mzima wa kufagia kabla hajanionyesha kopo. Aliponionyesha nililia, nilidhani nimepewa ukoo wote mkononi. Miaka yote wanawake wa ushirika wamekuja kunishika viganja, "mama, tupake kidogo baraka za mkono huo", na mimi nimewapa viganja wakashika. Sasa nisimame niwaambie mlikuwa mnashika kifuniko cha kopo? Ng'o. Afadhali wanione sina kitu kuliko wanione sikuwahi kuwa nacho.

Na la pili, lile la kwako. Neno unalolitaka ninalo. Liko hapa kooni, nalimeza na mate asubuhi na jioni. Halitoki kwa kuitwa kama mbwa.

Kwa hiyo, badala ya mkutano, leo asubuhi nimefungua bomba la kila tangi. Mwanangu alinishika mkono, nikamtazama, akaniachia. Mvinyo wote umekwenda mtaroni. Nyigu wamelewa, wanatembea kwa miguu. Huna tena cha kunishikia. Hiyo namba yako kubwa itie kwenye chai unywe.

Zabibu huota tena. Heshima ikimwagika haizoleki.

Mama yake mumeo


Jumatatu, 17 Juni

Mama mkwe,

Shikamoo. Lori halijaonekana, jibu lako sijapata, sijui Jumamosi umesema au umenyamaza. Barua hii inakuja kwa pikipiki ya karani, pamoja na bahasha ya Miwani yenye muhuri, inayokwenda kwa katibu wa ushirika. Nakueleza mwenyewe kilichotokea kabla hujasikia ya watu.

Miwani alirudi leo. Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Nilimwekea karatasi yako mbele yake, mtoto mgongoni, kalamu nikamfungulia kabisa. Akaisoma, akasonya. Akasema, "Ukoo huu tena? Si ndio waliokuwa na yule mwanamke mtia sumu? Nilidhani walimfukuza."

Nikasema, "Walimfukuza."

"Basi aliwafundisha vizuri kabla hajatoka," akasema, akainamia karatasi atie sahihi.

Mama, mtu huyu amenifundisha kazi, mtoto wangu analala chini ya meza yake, na hajui. Hajui kwamba mtia sumu ndiye anayemfungulia kalamu. Hapo nikaona kitu ambacho kwa hasira zangu sikukiona wiki nzima. Namba ile ya uongo inayokuzika wewe ndiyo iliyonizika mimi. Nikiiacha isimame juu yako, inasimama juu yangu pia, na safari hii kwa msaada wangu mwenyewe.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mkubwa, subiri. Yule mwanamke ni mimi." Nikaleta vijiti vyote viwili.

Alipima mwenyewe. Alipima tena. Alivua miwani akaifuta kwa shati, ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Kisha akaandika karatasi mpya. Inasema mvinyo wako umefaulu. Inasema pia kwa nini ulionekana umezidi, na unga unatajwa kwa jina lake la dukani, na inasema mwaka jana huenda lilitokea kosa hilohilo na lawama ikamwangukia asiyehusika. Niliomba mstari huo wa mwisho. Nilisimama juu ya bega lake mpaka akauandika.

Kwa hiyo usije ukanishukuru. Sikukuokoa wewe. Nimejiokoa mimi, na wewe umetoka umening'inia kwenye upindo wa nguo yangu. Matangi yako utayauza. Siri yako itasomwa hadharani na katibu, ambaye, kama ninavyomkumbuka, ana sauti nzuri.

Mpimaji


Alhamisi, 20 Juni

Mke wangu,

Lori limepona. Dereva anakuletea barua ya mama ya Jumamosi, ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake siku zote hizo, ina mafuta ya gari. Soma hiyo kwanza, halafu rudi kwangu.

Umerudi? Basi umeshajua. Karatasi yenu ilipofika jana, matangi yalikuwa yameshakauka.

Katibu hakungoja mkutano. Alikuja hapa na nusu ya ushirika nyuma yake, wanawake wanapiga vigelegele tangu barabarani. "Mama! Umefaulu! Toka nje, mvinyo wako umefaulu!" Mama alitoka na ufagio. Wakaanza kumkumbatia, halafu mmoja akanusa, mwingine akaona mtaro na wale nyigu, vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Mama, matangi yako wapi? Namaanisha, kilichokuwamo?"

Katibu, bila kuelewa, akaendelea kusoma, maana alishaanza. Akafika kwenye unga. Akafika kwenye mstari wako wa mwisho. Nilitamani ardhi ipasuke, si kwa aibu yake, kwa aibu yangu.

Mama akasema, "Soma tena."

Akasoma tena.

"Hapo pa mwisho tu. Polepole."

Akasoma polepole. Kisha jirani yetu wa upande wa chini, unamjua mdomo wake, akasema, "Kumbe mkono wa ukoo una kifuniko cha kuzungusha!" Watu wakacheka. Wale wale waliokuwa wanamshika viganja. Mama aliuegemeza ufagio ukutani vizuri, usianguke, akaingia ndani. Mpaka leo hajala.

Sijui kama ndicho ulichokitaka. Nakuja. Niambie kwamba nije.

Mumeo


Alhamisi, 27 Juni

Mkwe,

Nimekula, usijali, kama ulijali.

Nimesikia jina lako likisafishwa hadharani, na wote walikuwa wamenigeukia waone nitasema nini. Nikasema moyoni, karatasi imesema. Mwaka ujao kwenye kila chupa itaandikwa vitamini, kwa herufi zinazosomeka. Hiyo ndiyo yote utakayoipata kwangu, na ni nyingi, mama mkwe wangu angenipiga.

Wenzangu sasa hawanishiki viganja. Nashangaa mikono ilivyo myepesi.

Nijibu jambo moja kwa ukweli: ulipopata habari za mtaro, ulicheka?

Alhamisi ijayo nakuja huko mjini kununua vizibo. Nitapanda na Dereva. Kwa kuwa nitakuwa karibu, nitapita nimwone mtoto. Karatasi imeshamaliza mambo yetu, sioni sababu ya kunizuia.

Bibi yake


Jumatatu, 1 Julai

Mama mkwe,

Shikamoo.

Nilicheka. Umeniomba ukweli. Nilicheka mpaka Miwani akaja kuchungulia. Halafu nikakumbuka kwamba mashina yale ya mizabibu ya upande wa kisima niliyafunga mimi, mwaka jana, tumbo likinizuia kuinama, na wewe ulikuwa unapita nyuma yangu unakaza kamba nilizolegeza, husemi kitu. Nikaacha kucheka. Sikulia, mama. Niliacha tu.

Unasema karatasi imemaliza mambo yetu. Karatasi haikunifukuza. Ulinifukuza kwa mdomo, watu wakisikia, sanduku langu likiwa tayari limeshafungwa kamba. Lililotoka kwa mdomo hurudi kwa mdomo. Na msamaha mimi sijui kuutuma kwa lori.

Vizibo vinauzwa huko kwenu pia, karibu na soko, lakini haya, njoo.

Naishi ghorofa ya pili. Ngazi zina giza, shika ukuta wa kushoto kwa ajili ya mguu wako, na kwenye kona kuna baiskeli ya mtu. Nitakuwekea kiti nje ya mlango, na maji. Mwanao akikusindikiza akae kwenye ngazi, zamu yake itafuata na ni ndefu kuliko yako. Saa hizo majirani wangu huwa wanapumzika pale ukumbini, wanafua, wanasukana. Ni watu wema, hawakujui, lakini wana masikio. Mlango utakuwa umefungwa. Mtoto atakuwa ndani na utamsikia, maana ana sauti na hataki kunyamazishwa.

Kaa, upumzike. Kisha sema kwamba sikuwatilia watu sumu, na kwamba kosa ulilonitwika halikuwa langu. Huna haja ya kupaza sauti wala kupiga magoti, hayo sijayaomba. Mlango ni mwembamba, nitasikia.

Ukisema, nitafungua. Nitamweka mikononi mwako, ni mzito, jiandae, na mimi nitakwenda kulala, kwa sababu tangu azaliwe sijapata mtu wa kumshika nikalala.

Usiposema, kunywa maji yako yote. Lori linaondoka saa kumi.

Mama Kipipa